Insulini na glukagoni: homoni mbili, kongosho moja

Zote hutoka kwenye kongosho, nyuma ya mfuko wa chakula. Ukimaliza sahani ya wali na maharage, sukari hupanda damuni. Seli za beta hutoa insulini, na misuli, mafuta na ini hufyonza sukari hiyo. Glukagoni, ya seli za alfa, hufanya kinyume: saa kumi jioni, mfungaji hajafuturu, ndiyo inayoliamuru ini litoe akiba yake ya sukari.

Kwangu insulini ina uzito zaidi. Kupandisha sukari, homoni nyingine kama adrenalini na kotisoli pia husaidia. Kuishusha, insulini haina mbadala. Kabla ya 1922, mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini, alikonda hadi kufa. Leo huchomwa sindano ya insulini, na pasipo friji, chungu chenye mchanga mbichi huipoza dawa.