Oujé-Bougoumou na jumba lake la utamaduni: mko Quebec, Kanada? Nendeni

Kutoka Montreal ni zaidi ya kilomita 700 kwenda kaskazini, msitu tu mwanzo mwisho, kwa hiyo jazeni tenki na mbebe msosi. Ila ukifika, aisee, unaona kijiji kilichopangwa na watu wenye akili zao. Wenye kijiji ni Wakree, wenyeji wa asili wa Kanada, na walihamishwa hamishwa miaka kibao kupisha migodi, nyumba zinabomolewa wanaambiwa sogeeni, mpaka wakabana serikali na mwanzoni mwa miaka ya 90 wakajijengea kwao wenyewe. Msanifu wa majengo ni Douglas Cardinal, yule aliyechora makumbusho makubwa ya mji wa Gatineau, huko huko Quebec, na wazee walikaa naye wakasema wanataka nini ndo akachora.

Jumba lenyewe, Aanischaaukamikw, ukiingia tazama juu kwanza, maboriti makubwa ya mbao yamepinda yakakutana juu kama lile banda lao refu la asili. Mle ndani mi nilinasa kwenye kofia ya shanga ya kina mama, mishono midogo midogo hiyo, nikaganda hapo wenzangu wameshatangulia.

Kitu kingine muulizie joto. Wanachoma vumbi la mbao kutoka viwanda vya kupasua magogo, maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya ardhi mpaka majumbani, baridi ya kule si ya mchezo jamani. Na kijiji chenyewe Umoja wa Mataifa (UN) ulikitambua 1995 kama mfano wa kuigwa.

Nyota tano, japo huo umbali utakutoa jasho.