Maji magumu si maji ya chumvi: mashine gani ununue na ipi uiache dukani

Jamani kabla hujatoa pesa ya mashine ya kulainisha maji tuelewane kitu kimoja, mana hapa ndipo wengi tunapopigwa. Sie tushazoea kila maji mabaya kuyaita maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, maji ya chumvi hayo. Birika limefanya magamba meupe, chumvi. Kanzu ya Ijumaa imegeuka kijivu, chumvi tena. Kumbe ni mambo mawili mbali mbali. Ukiyaonja ukasikia chumvi kwenye ulimi basi ni chumvi kweli, bahari ishaingia kisimani. Lakini ukiyaonja matamu tu na sabuni inaganda, hayo ni maji magumu, yana chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyotoka kwenye mawe ya matumbawe, na mawe hayo hapa Unguja ndo yamejaa kuanzia Makunduchi mpaka Nungwi, na Pemba ukienda Micheweni ni hayo hayo.

Mashine ya kulainisha maji inatoa chokaa, haitoi chumvi. Ndani mna mtungi wa vijipunje vya njano, rezini, vimebeba sodiamu, maji yakipita vinakamata ile chokaa na kuachia sodiamu, vikishiba vinaoshwa kwa maji ya chumvi kutoka kwenye pipa la pembeni na kazi inaanza upya. Sasa wewe una kisima cha pwani tayari kina ladha ya bahari, unafunga kitu kinachoongeza sodiamu, umefanya nini? Dada yangu huko Jambiani ana vyumba vyake vya kukodisha, akaambiwa na muuzaji "hii inatoa chumvi yote", akalipa, na mie ndo niliyebeba mtungi mgongoni. Wageni walioga maji ya chumvi yaliyolainishwa. Maji yale yalitaka mashine ya RO (reverse osmosis), ile inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando, bei nyengine, hesabu nyengine, na sehemu ya maji inamwagwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua chupa ya nusu lita, tia maji nusu, kwangua sabuni ya mche kidogo (si sabuni ya unga, ile inatoa povu popote), tikisa. Povu likikaa na maji ya chini yakabaki safi, ni laini, rudi nyumbani na pesa yako. Yakiwa kama maziwa na utando juu, ni magumu, sasa tafuta matone au karatasi za kupimia ugumu upate namba. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini, 120 kwenda juu ni magumu, ikipita 180 ni magumu sana na hita yako inalia. Na muuzaji akikutolea kile kikalamu cha TDS akakuonesha namba, mwache, kile kinahesabu kila kilichoyeyuka, maji yakishalainishwa namba inabaki pale pale karibu, hakithibitishi kitu.

Ukubwa sasa. Watu sita, kila mmoja lita 100 kwa siku, hizo lita 600. Ugumu ukiwa miligramu 300 kwa lita unazidisha, unapata gramu 180 za chokaa kila siku. Lita moja ya rezini, ukiiosha kwa chumvi ya kiasi, inabeba kama gramu 45. Mtungi wa lita 25 basi unabeba kama gramu 1,125, siku sita unaosha, kila kuosha kilo mbili na nusu hivi za chumvi. Hiyo ni saizi nzuri. Ukinunua wa lita 10 kwa sababu ni rahisi utakuwa unaosha kila baada ya siku mbili.

Lakini kinachoua mashine nyingi hapa kwetu ni presha ya maji, na hakuna dukani atakayekwambia. Tangi letu liko juu ya dari, mita tatu juu ya mfereji, na mita kumi za urefu ndo zinatoa bar moja (kipimo cha presha), sasa mita tatu ni 0.3, na mashine nyingi zinataka bar moja na nusu hivi ili ziweze kufyonza yale maji ya chumvi wakati wa kujiosha. Haifyonzi, haijioshi, baada ya wiki unasema mbovu. Ifunge kati ya pampu ya kisima na tangi, au tia pampu ndogo ya presha. Yakhe hii nimeiweka juu ya mambo yote, hata aina ya mashine.

Haya, kwa mpangilio wangu. Ya kwanza ni ya mita, inayohesabu maji yaliyopita na kujiosha pale inapostahiki. Ikija Idi na nyumba imejaa watu inaosha mara nyingi, mkienda shamba wiki nzima inakaa kimya. Angalia nyuma imeandikwa volti 230, kuna za Marekani zinazotaka 110.

Ya pili, na hapa watu watanibishia, ni ya mkono. Unageuza valvu mwenyewe, haina umeme, haina la kuharibika sana. Unahitaji mtu asiyesahau tu. Naiweka juu ya ile ya saa, inayojiosha kwa wakati uliopangwa, kwa sababu umeme ukikatika nyingi kati ya hizo saa zinasimama, ukirudi inaosha saa sita mchana na wewe umejipaka sabuni. Waliokuwepo ule mkato wa miezi mitatu wa 2009 kwenda 2010 wananielewa. Ya saa ndo ya tatu basi, zipo nyingi za mtumba na inajiosha iwe imeshiba au haijashiba.

Kichujio cha polifosfeti kinazuia magamba tu, kifunge kabla ya hita kama ndo shida yako pekee, sabuni itaganda vile vile. Sumaku za kufunga kwenye bomba usinunue. Na wakati wa masika tangi la maji ya mvua ni laini na la bure, kanzu zifue humo.

Mfereji wa jikoni uache nje ya mashine. Kila miligramu 100 za ugumu zinaongeza kama 46 za sodiamu kwenye lita, na nyumba zetu hazikosi mwenye presha.

Ikianza kusumbua. Maji magumu tena na chumvi haipungui pipani, chomoa fimbo ya ufagio uichome chumvi, unyevu wa hapa unaigandisha juu kama dari na chini patupu. Ikiwa si hiyo, kitundu cha kufyonzea kina mchanga, na mchanga umetoka kwenye chumvi ya mabonge uliyoitia bila kuiangalia. Chumvi ya mashamba yetu nzuri lakini itafute iliyooshwa, isiyo na tope. Chumvi inapungua lakini maji bado magumu, angalia kwanza valvu ya kupitisha maji pembeni ya mashine, fundi aliiacha wazi (niliita fundi mara mbili kwa hili, aibu). Maji yana ladha ya chumvi baada ya kuosha, bomba la kutolea uchafu limekunjika au presha ndogo. Na hilo bomba lisielekee kisimani wala kwenye migomba. Vijipunje vya njano vikitoka mferejini, chujio la chini ya mtungi limevunjika, funga maji usisubiri kesho.

Ngozi kuteleza baada ya kuoga si ugonjwa, ndo maji laini yalivyo. Mama mpaka leo haamini, anasema sabuni haijamtoka, anajimwagia ndoo tatu za ziada na mita inahesabu.