Karatasi ya usalama ya TDI: tathmini ya sehemu ya 11

Kiwanda chetu cha magodoro hununua TDI, yaani toluini diisosayaneti, kemikali ya kutengenezea povu la magodoro, kwa mapipa, na karatasi ya taarifa za usalama inayokuja na kila shehena ni lazima niisome kabla pipa halijafunguliwa. Karatasi ya msambazaji wetu wa sasa inaeleza vizuri uhifadhi na usafishaji wa kemikali iliyomwagika. Sehemu ya 11, inayohusu sumu, imenisikitisha: mbele ya LC50, yaani ukolezi hewani unaoua nusu ya panya wa majaribio, pana tarakimu moja tu, bila kutajwa panya waliivuta hewa hiyo kwa saa ngapi, wala kama ilikuwa mvuke au ukungu wa matone.

Upungufu huo ni mkubwa. Katika GHS, mfumo wa kimataifa wa kupanga kemikali kwa madaraja ya hatari, mvuke huingia daraja la kwanza la hatari ukiwa na LC50 isiyozidi miligramu 0.5 kwa lita, ilhali kikomo cha ukungu ni 0.05, kwa hiyo tarakimu isiyo na maelezo haiwezi kupangwa daraja. Mwongozo wa majaribio namba 403 wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, uliotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 2009, kwa kawaida unataka panya waivute hewa hiyo kwa saa 4, kisha waangaliwe kwa siku 14, kwa kuwa baadhi hufa siku kadhaa baadaye. Unataka pia ukolezi upimwe pale panya anapovutia pumzi. TDI humenyuka na unyevu, na sehemu yake hunata kwenye kuta za chombo. Anayekadiria kwa kugawanya kemikali iliyotumika kwa hewa iliyopita hupata ukolezi mkubwa kuliko uliofika puani, na sumu huonekana hafifu kuliko ilivyo. Wanyama waliobanwa kwenye mirija hadi kufa wanastahili walau matokeo yao yaandikwe kwa ukamilifu.

Nilipoomba ufafanuzi, nilisubiri wiki mbili nikatumiwa karatasi ile ile.

Ninaisifu kwa jambo moja zito: inasema waziwazi kwamba TDI husababisha pumu, madhara ambayo jaribio la saa 4 halikukusudiwa kuyaonyesha. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1962 yaliweka LC50 ya panya karibu na sehemu 14 kwa milioni. Kikomo cha kisheria kwa wafanyakazi cha OSHA, wakala wa usalama kazini nchini Marekani, ni sehemu 0.02 kwa milioni, na fundi ambaye mapafu yake yamekwisha kuathirika anaweza kubanwa na kifua hata chini ya hapo.

Kwa mafunzo ya kuzuia umwagikaji nitaendelea kuitumia. Kwa sumu ya kuvuta pumzi siitegemei, na katika oda ijayo nimeweka sharti kwamba muda, kama kilichovutwa ni mvuke au ukungu, na njia ya upimaji vitajwe, la sivyo shehena haitapokelewa.