Ndege za bei poa Ulaya wakati wa baridi: mapitio kwa anayetokea Mwanza

Mtu akitoka Mwanza kwenda Ulaya kwa kozi, mkutano au biashara ya samaki, huwa ameshatoboka mfuko kabla hajafika: ndege ya kwenda Dar, kisha ndege ndefu ya kuvuka mabara. Akishatua huko ndipo anapokutana na tangazo la safari ya saa moja na nusu kwa euro 20, chini ya tiketi ya ndege ya Mwanza hadi Dar. Bei hiyo si ya uongo. Ila ni bei ya mtu mmoja, kiti kimoja chochote na begi dogo la mgongoni. Kila kitu kingine kinauzwa peke yake, na wakati wa baridi vitu hivyo vingine ndivyo unavyovihitaji zaidi.

Mashirika tunayoyapima hapa ni matatu: Ryanair ya Ireland, easyJet ya Uingereza na Wizz Air ya Hungary.

Tuanze na begi, maana pesa nyingi inapotelea hapo. Ryanair na Wizz Air wanakuruhusu bure begi la sentimita 40 kwa 30 kwa 20, linaloingia chini ya kiti cha mbele yako. Ukizidisha vipimo hivyo unapata lita 24. easyJet wanatoa 45 kwa 36 kwa 20, yaani lita 32 na kidogo. Lita nane ni nafasi ya sweta mbili nene na jozi ya viatu, na kwa mtu anayeenda kwenye theluji hiyo ndiyo tofauti kati ya kulipa na kutolipa. Uzito nao una kikomo: kilo 15 kwa easyJet, kilo 10 kwa Wizz Air.

Vipimo vinahesabu magurudumu na mkono wa kuvutia. Kwa hiyo acha begi la magurudumu, chukua la kitambaa laini. Fundi cherehani yeyote mzuri wa mjini Mwanza anaweza kukushonea la turubai kwa kipimo. Mpe 38 kwa 28 kwa 18, usimpe kipimo kamili, kwa sababu begi likijaa linatuna, na kisanduku cha kupimia kilichopo getini ni cha chuma, hakitanuki. Begi likigoma kuingia kwenye kisanduku cha Ryanair, faini inaweza kufika euro 75. Ukijua utahitaji begi la pili, linunue siku ileile unayonunua tiketi, kwa sababu kadiri safari inavyokaribia bei inapanda, na getini ndiko ghali kuliko kote. Lile sanduku la kilo 23 ulilokuja nalo kwenye ndege ndefu lisikufuate kwenye safari ya siku tatu. Liache kwa mwenyeji wako, hotelini au kwenye stoo ya mizigo ya stesheni.

Koti ulilovaa halihesabiwi kuwa begi. Ndiyo maana koti zuri la baridi ni uwekezaji, na halihitaji kununuliwa Ulaya. Pale Mlango Mmoja, kwenye mitumba, makoti mazito hayana wateja wengi kwa sababu Mwanza haina baridi ya kuyadai. Tafuta linalofunika nyonga, lenye kofia, zipu inayopanda hadi kidevuni bila kukwama, na mifuko ya ndani. Libonyeze: kama sufi yake imegandamana mabonge mabonge, halina joto tena. Mifuko ya ndani ibebe chaja, miwani, dawa na vitu vyote vizito. Ndani ya koti vaa nguo tatu nyembamba kuliko moja nene, na ya kugusa ngozi isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho inakaa na ubaridi. Viatu viwe na soli yenye meno. Glavu usizisahau: mara nyingi ndege hizi hazipakii abiria kwa daraja la kufunikwa. Mnatoka nje, mnapanga foleni uwanjani kwenye upepo, kisha mnapanda ngazi, mbele au nyuma.

Mafuta ya mgando ya kupaka, ambayo ngozi itayalilia kwenye hewa kavu ya huko, yanahesabiwa kama kimiminika. Chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko angavu wa lita moja. Siagi ya karanga vilevile. Kuna viwanja vyenye mashine mpya vilivyolegeza sheria hii, lakini usisafiri kwa kubahatisha.

Kuhusu dagaa, kwa kuwa swali halikosekani: Umoja wa Ulaya unaruhusu mtu kuingia na samaki wa matumizi yake, wakiwemo waliokaushwa, hadi kilo 20. Kinachokataliwa ni nyama na maziwa, kwa hiyo samli na nyama kavu vibaki nyumbani. Dagaa wa Mwaloni Kirumba wafungwe kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, ndani ya mifuko miwili, na wakae kwenye sanduku la ndege ndefu. Kuwaingiza ndani ya ndege ya bei poa iliyojaa watu ni kuwaonea jirani zako.

Sasa makaratasi. Hapa abiria mwenye pasipoti ya Tanzania hayuko sawa na Mjerumani aliye mbele yake kwenye foleni. Ryanair na Wizz Air hutaka abiria asiye raia wa Ulaya apite kaunta akaguliwe pasipoti na viza kabla ya ukaguzi wa usalama, hata kama hana begi la kukabidhi na hata kama ameshachekini (kuthibitisha safari na kupata pasi ya kupandia) kwenye simu. Wengi huenda moja kwa moja getini na kurudishwa, wakati kaunta ya Ryanair inafungwa dakika 40 kabla ya ndege kuondoka na geti dakika 20 kabla. Fika uwanjani saa mbili na nusu kabla, nenda kaunta kwanza, chai baadaye.

Kuchekini kwenyewe kuna mtego. Kama hukulipia kiti, Ryanair hufungua saa 24 tu kabla ya safari na kufunga saa mbili kabla. Wizz Air hufunga saa tatu kabla. Ukisahau, kuchekinishwa uwanjani kwa Ryanair ni euro 55, zaidi ya tiketi yenyewe mara nyingi. Kwa safari ya siku tatu maana yake ni kwamba utachekini ya kurudi ukiwa ugenini, kwa hiyo lazima uwe na intaneti. Tangu Novemba 12, 2025 Ryanair wanatumia pasi ya kupandia ya kwenye simu, si karatasi ya kuchapisha nyumbani, na betri za simu hupungua nguvu kwenye baridi. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Pawabenki ibebe mkononi, kamwe isiingie kwenye begi la kukabidhi kaunta. Ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), chini ya kikomo cha ndege cha Wh 100.

Malipo: benki nyingi za kwetu hutuma namba ya siri kwa ujumbe mfupi unaponunua mtandaoni. Kama laini yako ya Tanzania haipokei ujumbe nje ya nchi, muamala unakwama. Nunua tiketi ukiwa bado Mwanza, au washa huduma ya kupokea ujumbe nje kabla hujaondoka. Ukurasa wa malipo ukijitolea kukubadilishia euro kuwa sarafu nyingine, kataa, lipa kwa euro. Viwango vyao huwaumiza wanunuzi.

Viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ya kuingia mara moja ni ya kuingia mara moja kweli. Ukitoka Paris kwenda London, Dublin, Belgrade au Tirana, umetoka Schengen, na huwezi kurudi kwa viza ileile. London na Dublin zinataka viza zao zenyewe. Ramani za njia za Wizz Air zinachanganya nchi za ndani na za nje bila kukuonya: Romania na Bulgaria ziko ndani kikamilifu tangu Januari 1, 2025, Serbia na Albania haziko.

Na saa. Tiketi ikiandika 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa sita na nusu mchana. Ikiandika 00:15 tarehe 14, unatakiwa uwanjani usiku wa tarehe 13. Saa zote ni za mahali unapoondokea au unapotua. Wakati wa baridi Paris iko nyuma ya Mwanza kwa saa mbili, London kwa saa tatu.

Ndege ya saa ngapi basi? Ya kwanza ya siku, na sababu iko kwenye biashara yenyewe. Bei inakuwa ndogo kwa sababu ndege haipumziki: Ryanair hupanga dakika 25 tu kati ya kutua na kuruka tena, na ndege moja hufanya safari nne, tano au sita kwa siku. Asubuhi ikichelewa dakika 40 mahali fulani, hakuna nafasi ya kufidia, na jioni kuchelewa huko kumezaa kungine. Ndege ya alfajiri imelala palepale uwanjani. Inaweza kuchelewa, maana barafu ya usiku imeganda kwenye mabawa na lazima inyunyiziwe mchanganyiko wa moto wa maji na glaikoli (kemikali inayozuia kuganda). Bawa lenye barafu hupoteza uwezo wa kuinua ndege, na hakuna rubani anayeruhusiwa kulipuuza hilo. Theluji ikiwa inaendelea kuanguka, huongezwa dawa nzito ya kuzuia barafu mpya, nayo ina muda wake. Foleni ya kuruka ikiwa ndefu muda ukaisha, ndege inarudi kunyunyiziwa upya. Ukiona mmekaa dirishani mnatazama gari la kunyunyizia likizunguka, hiyo ni kazi inayofanywa vizuri. Hata ikifutwa, ya alfajiri inakuachia siku nzima ya kutafuta nyingine, jambo ambalo ya saa tatu usiku haiwezi. Sehemu moja ya kutilia shaka kanuni hii ni bonde la mto Po, upande wa Milan, ambako ukungu wa asubuhi ni mzito. Huko ya saa nne au tano asubuhi ni salama zaidi.

Kabla hujalipa, angalia kiwanja kwa jina lake, si jina la mji. "Paris Beauvais" iko kilomita 85 hivi kutoka Paris, mbali kuliko kutoka Mwanza mjini hadi Magu. "Frankfurt Hahn" ni kilomita 120 hivi. Charleroi si Brussels, na Bergamo si Milan, ingawa hii ya mwisho basi lake ni la uhakika. Ndege ya 06:30 kutoka kiwanja cha namna hiyo inamaanisha basi la usiku wa manane au teksi inayomeza akiba yote. Jumlisha nauli za pande mbili ndipo ulinganishe. Kwa Paris na Brussels usipande ndege kabisa: treni ya haraka ni chini ya saa moja na nusu, katikati ya mji hadi katikati ya mji, na begi halipimwi.

Theluji ikifuta safari, sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakulinda sawa na raia wao, maadamu umeondokea ndani ya Umoja. Fidia ya euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, ndege ikifika na ucheleweshaji wa saa tatu au zaidi, haitolewi kwa hali mbaya ya hewa. Hitilafu ya kawaida ya ndege si kisingizio cha kukunyima fidia hiyo. Lakini chakula, na hoteli mkilazimika kulala, ni haki yako hata kwenye theluji. Wasipotoa, jinunulie vya bei ya kawaida na utunze risiti. Angalizo kubwa: watakupa kuchagua kati ya kurudishiwa pesa na kusafirishwa kwa ndege nyingine. Ukibonyeza kurudishiwa pesa, wajibu wao wa kukulisha na kukulaza unakoma hapo hapo, na euro 20 yako haitanunua tiketi ya kesho. Chagua kusafirishwa.

Kwa anayesafiri huko mara ya kwanza kwenye baridi, tunampeleka easyJet: begi kubwa zaidi, na viwanja vingi vya maana kama Schiphol na Charles de Gaulle, ambako ukikwama kuna treni na hoteli. Ryanair ni ya mtu aliyesoma masharti yote na mwenye begi la fundi. Kwake hakuna bei inayoishinda. Wizz Air ni ya Budapest, Warsaw, Bucharest na mashariki kwa jumla. Nje ya huko haina sababu ya kuchaguliwa.

Ndege ndefu ya kurudi Dar isiwe siku moja na ndege ya bei poa. Ni tiketi mbili tofauti, na ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Rudi kwenye mji wa ndege ndefu usiku mmoja kabla, na hakikisha siku za kukaa kwenye viza hazijaishia siku hiyohiyo. Zikikukuta ukiwa umekwama kwa dhoruba, nenda polisi wa mipaka au idara ya wageni kabla hazijaisha, ukiwa na ujumbe wa shirika unaothibitisha safari kufutwa. Nyongeza ya siku kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako hailipiwi.