Siku 19 za kuitafuta baiskeli yangu kwa polisi: uzoefu wangu wa kudai mali iliyookotwa, Tanga

Nianze na alama ili mwenye haraka asisumbuke: nyota tatu kati ya tano. Baiskeli nimeipata, sikutoa hata shilingi ya kumlainisha mtu, na kila askari niliyekutana naye aliitikia salamu yangu. Nyota mbili nimezizuia na sababu zake mtaziona huko chini. Vituo sivitaji majina, maana sitaki afande yeyote aitwe kujieleza kwa ajili yangu.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, kwenye hizi barabara zetu za namba. Tanga na baiskeli hakuna asiyejua. Mji tambarare, shehe anaendesha, mwalimu anaendesha, mwenye ndoo ya samaki kutoka soko la Deep Sea anaendesha. Yangu ni Phoenix nyeusi ya marehemu baba. Keria imechomelewa mara mbili, na siti niliivisha mwenyewe kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za wanafunzi. Alhamisi moja niliiegemeza nje ya Soko la Mgandini, nikaingia kuchukua zipu na vifungo. Kufuli sikuwa nayo, kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuhitaji. Dakika kumi hazikufika. Natoka, ukuta mtupu.

Wa kwanza niliyemshuku ni mgambo. Nikasema labda nimeegemeza pabaya, wameibeba. Nikaenda kwa watu wa Jiji, kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Baba, leo hatujabeba baiskeli yoyote. Nenda polisi." Hapo ndipo nikagundua kwamba na umri wangu huu nilikuwa sijawahi kukaa nikafikiria nani ni nani. Jiji lina mgambo wake, ila polisi si wa Jiji. Polisi ni jeshi moja la nchi nzima, tena ni jambo la Muungano, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Juu kabisa yuko IGP, mkuu wa jeshi zima. Mkoani yuko Kamanda wa Mkoa, ndiye huyo RPC tunayemsikia redioni. Chini yake OCD wa wilaya, halafu OCS, mkuu wa kituo. Pembeni wana mstari wao watu wa upelelezi, kuanzia RCO wa mkoa hadi OC-CID wa wilaya, hao mara nyingi wamevaa kiraia. Siku hizi na kata zina polisi wake. Haya nayaandika kwa sababu yalinigharimu siku: unaweza kumlalamikia OCS jambo ambalo jalada lake liko kwa mpelelezi, akakusikiliza vizuri sana na usisogee hata hatua moja.

Basi nikafika kaunta. Palikuwa na foleni fupi, dada mmoja aliyepoteza simu na mzee aliyepoteza kitambulisho. Zamu yangu ikafika.

"Shida nini, mzee wangu?"

"Afande, baiskeli yangu imepotea."

"Imepotea au imeibwa?"

Kosa langu kubwa liko hapa, naomba mlisome mara mbili. Kwa lugha ya nyumbani kwangu, kitu ukikiacha mahali usikikute, kimepotea. Sikumwona mwizi, nitamsingiziaje mtu? Nikajibu, "Imepotea." Afande akanielekeza niende kujaza taarifa ya upotevu, ile watu wanayoita loss report. Siku hizi inajazwa kwenye mtandao wa polisi wenyewe: unaweka maelezo yako, unapewa kontroo namba, unalipa ada kidogo kwa simu, unapata karatasi. Nikaenda steshenari, kijana akanijazia, nikatoka na karatasi safi yenye nembo. Nikaikunja vizuri nikaiweka mfukoni, nikalala nimeridhika.

Karatasi ile ni nzuri kwa kazi yake. Umepoteza kitambulisho cha NIDA, leseni, cheti cha shule, huwezi kupewa kingine bila hiyo. Baraza la Mitihani kwa mfano wanataka taarifa ya polisi na tangazo la gazeti kabla ya kushughulikia cheti kilichopotea. Lakini haimtafutii mtu kitu. Inathibitisha tu kwamba umesema huna. Phoenix ya baba hakuna ofisi inayochapisha nyingine.

Hilo nililijua baada ya siku mbili, niliporudi kuuliza kama kuna lolote. Nikamkuta koplo mwanamke, akaisoma karatasi yangu, akanitazama, akamgeukia mwenzake: "Huyu mzee ameibiwa, mbona mmempa upotevu?" Akafungua kitabu, akaandika maelezo yangu upya kwa mkono, rangi, aina, keria, siti, akanipa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa za kituo, kwenye kipande cha karatasi. Akaniuliza namba ya fremu. Sikuijua. Akaandika "haijulikani", na neno hilo likanichoma zaidi ya wizi wenyewe, maana ningeweza kulizuia. RB ikapelekwa upelelezi, nikapewa jina la mpelelezi na nikaambiwa nisubiri.

Kidogo kuhusu yule dada wa simu, maana yake ilinifundisha. Aliulizwa IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, akasema boksi alishalitupa. Afande akamwambia namba hiyo ndiyo mtandao wa simu unaihitaji ili wamfungie kifaa kisitumike kwa laini nyingine. Ukibonyeza *#06# inajitokeza kwenye kioo. Ila ubonyeze simu ikiwa bado mkononi, si ikiwa imeshaondoka. Nilipotoka pale nikaandika ya kwangu kwenye ukuta wa kibanda kwa chaki ya kukatia nguo. Imeshafutika, nimeiandika tena kwa kalamu.

Siku zikaenda. Mpelelezi nilimpigia mara nne, mara tatu alipokea. Pale nje ya geti kuna kishoka mmoja alinifuata, "Mzee, nipe elfu kumi nikusukumie jalada." Nikamwambia hiyo elfu kumi nitanunulia kufuli. Wenye matatizo kama yangu, watu wa aina hiyo msiwape kitu, hawana jalada wala hawamjui aliye nalo.

Siku ya kumi na saba akaja mteja wangu, dereva wa bodaboda, kupunguza suruali. Ananisubiri huku anapiga soga. "Fundi, ile baiskeli yako yenye siti ya kaki umemuuzia nani?" Nikainua kichwa. Alikwenda kumwekea ndugu yake dhamana kwenye kituo kingine, upande wa pili wa mji, akaiona uani. "Siti ya kaki, fundi. Tanga nzima nani mwingine ana siti ya kaki?"

Kumbe baiskeli iliokotwa kesho yake tu, Ijumaa asubuhi, karibu na Stendi ya Kange, imeegemezwa kwenye mti. Aliyeiokota akaipeleka kituo kilichokuwa karibu naye, wakaipokea, wakaiandika. Ninavyoelewa sasa, kuna vitabu vitatu: cha waliopoteza, cha walioibiwa, na cha vilivyookotwa. Mimi nilikuwa kwenye viwili vya kwanza kituo hiki, baiskeli ilikuwa kwenye cha tatu kituo kile, na katikati yetu hakukuwa na mtu aliyenyanyua simu. Nusu saa kwa bajaji kati ya kituo na kituo, na tulikaa hivyo zaidi ya wiki mbili. Nyota ya kwanza imeondoka hapo.

Kesho yake nikaenda. Uani pale pana pikipiki nyingi, zimesogezana hadi usukani wa hii umeingia kwenye matairi ya ile. Nyingine zimeota majani kwenye rimu, siti zimepasuka kwa jua na sponji limetoka nje. Unadhani zimetelekezwa, kumbe nyingi ni vielelezo vya kesi, na kielelezo hakitoki mpaka mahakama iseme kitoke. Nyingine wenyewe hawajitokezi, wengine labda kwa sababu hawana kadi. Nilimuuliza mtunza vielelezo, sajenti mtu mzima, mwisho wake unakuwaje. Akanieleza kwamba mali isiyo na mwenyewe si ya askari wala ya kituo. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inaweka utaratibu wake: askari anaipokea, orodha inakwenda kwa hakimu, mali inatangazwa ili mwenyewe ajitokeze, na asipopatikana inapigwa mnada na fedha zinaingia serikalini. "Sasa wewe ungechelewa," akasema, "ungekuja kuinunua baiskeli yako mwenyewe." Alikuwa anatania, lakini sikucheka.

Baiskeli ilikuwa ukutani, nyuma ya jenereta, imefungwa lebo ya boksi kwa uzi wa katani. Niliitambua kwa mbali. Nikanyoosha mkono, sajenti akanizuia.

"Yako kwa ushahidi gani?"

Risiti sina, baba aliinunua mimi nikiwa mdogo. Siti ya kaki? "Kaki iko duka lolote." Keria iliyochomelewa? "Keria zote Tanga zimechomelewa." Nikakasirika, lakini nikiwaza sasa, alikuwa sahihi. Angekuwa anatoa baiskeli kwa kila anayesema ni yangu, yangu ingekuwa imeshachukuliwa zamani na mtu mwenye mdomo mtamu kuliko mimi. Akaniambia nilete barua ya serikali ya mtaa na namba ya fremu.

Barua ya mwenyekiti niliipata jioni ileile. Namba ilikuwa kwa mama. Baba alikuwa mtu wa kuandika andika, na mama daftari zake hakuzitupa, ziko kwenye kasha pamoja na kanga zake za zamani. Tulikaa sakafuni tukipekua kwa tochi ya simu. Ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni, wino wa bluu umesambaa kidogo, tukakuta: "Baiskeli" na namba chini yake. Mama akaishika ile karatasi kwa muda, sikumharakisha.

Kesho yake, siku ya kumi na tisa, sajenti aliigeuza baiskeli miguu juu. Namba ya fremu ya Phoenix yangu iko chini kabisa, pale ekseli ya pedeli inapopita, na pale ndipo grisi na vumbi vya miaka vinapogandia. Hakuna kilichoonekana. Akatoa sarafu ya mia mbili mfukoni, akaanza kukwangua. Grisi ikatoka vipande vyeusi kama sukari guru. Tarakimu ya kwanza, akaisoma kwa sauti, mimi nikaifuata kwenye daftari. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imeliwa na kutu, akaipitishia kidole, akasema, "Hii ama tatu ama nane." Kwenye daftari ni nane. Tulipofika ya mwisho akapangusa sarafu kwenye suruali, akaniambia, "Saini hapa, baba."

Nikaandika jina, tarehe, namba ya simu, nikapewa nakala. Hakuna malipo. Kengele ilikuwa haipo na mpira wa nyuma hauna upepo, sijui viliishia kwa mwizi au uani, na sikuuliza. Nyota ya pili nimeizuia kwa hiyo kengele.

Karibu na jenereta palikuwa na baiskeli nyingine ndogo, nyekundu, ya mtoto. Lebo yake mvua imeifuta. Kama mwanao aliibiwa ya namna hiyo, zungukeni vituo vyote, msingoje kimoja kiwatafutie, na mwambie afande akutazamie na kwenye kitabu cha vilivyookotwa. Na kama mna hakika kitu kimechukuliwa, semeni kimeibwa.

Jina la aliyeiokota nililiona kwenye kitabu wakati nasaini. Nikaomba namba yake, sajenti akampigia kwanza kumwomba ruhusa, jambo nililolipenda. Ni kijana, anauza maji na karanga kwa abiria pale stendi. Nilimuuliza kwa nini hakukaa nayo, maana hakuna aliyemwona. Akasema, "Mzee, ningeendesha wiki moja, siku ya nane mwenyewe ananikamata mimi. Nani ataamini niliokota?" Hakuwa amesoma sheria, lakini hayuko mbali nayo. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, cha kuokota kinaweza kukugeuza mwizi ukikifanya chako huku unamjua mwenyewe, au huku ukiwa na njia ya kumpata.

Nikamtolea elfu kumi, ileile niliyomnyima kishoka. Akakataa. Nikasisitiza, akakataa tena, akaangalia chini, akasema kama mimi ni fundi kweli basi yeye ana harusi ya dada yake mwisho wa mwezi na suruali yake imembana kiunoni. Nimempima. Kitambaa nimetoa mimi, cha kijivu, na mifuko nimemwekea ya ndani kwa ajili ya chenji zake. Bado kupiga pasi tu, kesho nampelekea Kange kwa baiskeli.