Nyangumi au Pweza: Nani Asimulie Riwaya ya Bahari?

Kwa urefu wa muda, nyangumi hana mpinzani. Yule wa Aktiki anaweza kuishi zaidi ya miaka 200, hivyo msimulizi mmoja hutosha kubeba karne mbili za uwindaji wa nyangumi, ilhali pweza wengi huishi mwaka 1 au 2 tu, na jike hufa baada ya kulinda mayai yake.

Kwa upande wa hisi, hata hivyo, moyo wangu humwelekea pweza. Sehemu kubwa ya neva zake imo katika minyiri, ambayo huonja kila inachogusa. Mnyiri unaopenya ufa wa mwamba na kumwonja kaa kabla jicho halijamwona humtoa msomaji katika mwili wake wa kibinadamu. Nyangumi, anayeijua dunia kwa sauti, humdai mwandishi sikio la mshairi.

Mazungumzo ni mepesi kwa nyangumi, wenye mama, ndama na kundi. Pweza kwa kawaida huishi peke yake. Anayeandika habari za vizazi amchague nyangumi, na anayetaka riwaya fupi ya upweke amchague pweza.