Tathmini ya huduma ya wakili wa uhamiaji: kutoka kadi ya miaka miwili hadi kuondolewa masharti

Ofisi ninayoitathmini iko Columbus, katika jimbo la Ohio, na ina watu wawili tu: wakili wa uhamiaji na msaidizi wake, dada mzaliwa wa Kongo ambaye huzungumza na wateja kwa Kiswahili tangu simu ya kwanza. Jina la ofisi silitaji, kwa sababu ninachopima ni namna ya kufanya kazi, na kipimo hicho msomaji anaweza kukitumia kwa ofisi yoyote atakayoiendea. Imetuhudumia mimi na mume wangu, ambaye ni raia wa Marekani, tangu ombi la ukaazi hadi masharti yalipoondolewa. Naisifu, ingawa yapo mambo ambayo hayakuniridhisha na nitayasema. Kwa maoni yangu, wakili wa shughuli hii anastahili malipo yake pale tu anapowasimamia wanandoa kwa miaka yote miwili, kwa kuwa anayewajazia fomu katika majuma ya mwisho anakuta kazi kubwa imeshaharibika au imeshatengenea bila yeye.

Ukaazi wa kudumu wenye masharti uliingizwa katika sheria ya Marekani mwaka 1986, Bunge la nchi hiyo lilipotaka kudhibiti ndoa za makaratasi. Anayepata ukaazi kupitia mume au mke hupewa kadi ya kijani ya miaka miwili, badala ya ile ya miaka kumi, iwapo ndoa yao haijatimiza miaka miwili siku ukaazi unapotolewa. Hapo penye siku ndipo wakili alipoanzia. Kabla ya kuuliza lolote kuhusu kazi au kipato, aliomba kuona cheti cha ndoa, akatueleza kwamba siku inayohesabiwa si ile ya kutuma maombi: kwa aliyeko ndani ya Marekani ni siku ombi linapokubaliwa, na kwa anayekuja na viza ya uhamiaji kutoka ubalozini ni siku anayopokelewa mpakani au uwanja wa ndege. Kwa hiyo mwenye viza ambayo muda wake bado unaruhusu, na ambaye ndoa yake imebakiza majuma machache kutimiza miaka miwili, anaweza kuchelewesha safari kidogo, akaingia kwa kadi ya miaka kumi na kuepukana na hatua nzima ya pili, ile ya kuomba masharti yaondolewe. Vilevile, aliyepewa viza ya daraja la CR1, yaani la ukaazi wenye masharti, kisha ndoa ikatimiza miaka miwili kabla hajasafiri, anapaswa kumwonyesha ofisa wa mpakani cheti chake ili daraja libadilishwe kuwa IR1, lisilo na masharti. Ndoa yetu ilikuwa changa mno kunufaika na hilo, lakini zipo familia ambazo zingeokoa fedha na wasiwasi mwingi kama mtu angewaambia hivyo kabla ya kukata tiketi.

Kadi ilipofika, msaidizi alituita tena ofisini, ingawa wakati huo hapakuwa na fomu ya kujaza. Alitufafanulia kwamba kadi ya miaka miwili inampa mwenyewe haki zilezile za kuishi, kufanya kazi na kusafiri alizonazo mkaazi mwingine wa kudumu, na kwamba miaka hiyo miwili huhesabiwa kuelekea uraia. Tofauti ni kwamba kadi hii haihuishwi kwa fomu ya I-90, kama wengi wanavyodhani. Wanandoa wanatakiwa kutuma kwa pamoja fomu ya I-751, ambayo ndiyo ombi la kuondolewa masharti, ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha muda. Wakiituma mapema kuliko hapo inaweza kurudishwa, na wasipoituma kabisa ukaazi hukoma na mhusika anaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Aliyechelewa kwa sababu ya msingi bado anaweza kusikilizwa, ila ni lazima aeleze sababu hiyo kwa maandishi na kuithibitisha. Mtoto aliyepata ukaazi pamoja na mzazi wake, au ndani ya siku 90 baada yake, huingizwa katika fomu ya mzazi, na aliyefuata baada ya hapo hutumiwa fomu yake. Tarehe ya kufunguliwa kwa siku zetu 90 msaidizi aliiandika juu ya jalada letu kwa kalamu nyekundu, na ilipokaribia alitupigia simu yeye mwenyewe.

Kazi yenyewe niliiona siku ya kupanga vielelezo. Tulikuwa tumeagizwa kubeba kila karatasi yenye majina yetu mawili, na dada yule akazitandaza kwenye meza ndefu kwa kufuata miezi tangu tulipofunga ndoa: mkataba wa pango, taarifa za akaunti ya pamoja ya benki, ritani za kodi, bima ya gari, bima ya afya, bili za umeme. Kisha akapitisha kidole mwezi hadi mwezi, akasimama katikati ya meza na kuniuliza, “Dada, hapa shemeji yuko wapi?” Ni kweli kwamba katika kipindi hicho mume wangu alikuwa amekwenda kufanya kazi katika jimbo jingine na alilipa pango la chumba huko. Msaidizi hakutaka pengo lile lifichwe. Wakili aliandika maelezo mafupi, akaambatanisha barua ya mwajiri, tiketi za safari za mwisho wa juma na taarifa za benki zilizoonyesha kuwa pango la nyumba yetu liliendelea kulipwa kutoka akaunti ileile ya pamoja. Ofisa anayesoma jalada hatafuti uzuri wa picha za arusi. Anataka kuona kwamba watu wawili wamefungamanisha fedha zao, makazi yao na madeni yao, na panapokuwa na mwanya ataufikiria vibaya asipopewa maelezo. Picha zetu nyingi ziliachwa nje ya jalada, zikabaki chache zenye ndugu wa pande zote mbili.

Barua za mashahidi zilisomwa kwa makini yaleyale. Shangazi wa mume wangu alikuwa ameandika kwamba anatufahamu kuwa wanandoa wema wanaopendana, akaweka sahihi. Msaidizi aliirudisha kwa adabu, akampigia simu na kumwomba aandike mambo aliyoyaona kwa macho yake: alifika kwetu lini, alilala wapi, nani alimpeleka hospitali alipougua akiwa nyumbani kwetu. Barua ya pili ilikuwa ya kurasa mbili na kila aya ilikuwa na tukio na mwezi wake. Nimeziona barua za watu wengine zilizoandikwa na ofisi zao kwa maneno yanayofanana, majina tu yakibadilishwa, na sidhani kwamba ofisa aliyesoma majalada mengi hawezi kulitambua hilo.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika ofisi hii ni mazungumzo ya faragha. Wakili alitueleza waziwazi kwamba anatuwakilisha sote wawili, na kwamba maslahi yetu yakija kugongana itambidi ajitoe, kwa maana hawezi kumtetea mmoja dhidi ya mwenzake. Baada ya hapo aliomba kuzungumza na kila mmoja wetu peke yake. Nilipoingia mimi, niliambiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba sahihi ya mume si mlango pekee. Sheria inamruhusu mtu kuomba peke yake ikiwa aliingia katika ndoa kwa nia njema lakini ndoa imevunjika kwa talaka au imebatilishwa, ikiwa amepigwa au kufanyiwa ukatili uliokithiri na mwenza wake, ikiwa mwenza amefariki, au ikiwa kuondolewa nchini kutamletea dhiki iliyokithiri. Ombi la namna hiyo halifungwi na siku 90, na aliyefanyiwa ukatili halazimiki kungoja talaka kwanza.

Binafsi sikuyahitaji maneno hayo, na nyumba yetu ina amani. Hata hivyo nayaandika kwa uzito kwa sababu wapo wanawake, na wanaume pia, wanaovumilia kipigo na matusi wakiamini tishio moja tu: “Nikikataa kusaini, utarudishwa kwenu.” Mtu wa namna hiyo hawezi kuuliza swali lake mbele ya anayemtisha, na ofisi inayowaketisha wanandoa pamoja mwanzo hadi mwisho inamnyima nafasi ya pekee ya kuuliza. Mume wangu naye hakutoka katika chumba kile bila funzo. Alielezwa upya kwamba hati ya I-864 aliyosaini kuahidi kunihudumia kifedha haiishi kwa talaka. Inaisha nikipata uraia, nikihesabiwa robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni takriban miaka kumi, mmoja wetu akifariki, au nikiacha ukaazi na kuondoka Marekani moja kwa moja. Mawakili wengi huiweka hati hiyo mbele ya mtu asaini tu, na nadhani si haki.

Kuhusu hatua zilizofuata sina mengi ya kulalamikia. Ada ya serikali kwa fomu ya I-751 ni dola 750 tangu tarehe 1 Aprili 2024, na tuliambiwa mapema kwamba mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada kwa fomu ya I-912. Barua ya kupokelewa kwa maombi hurefusha uhalali wa kadi iliyoisha muda kwa miezi 48, utaratibu ulioanza Januari 2023, na ni lazima barua hiyo itembee pamoja na kadi yenyewe, iwe kwa mwajiri au uwanja wa ndege. Ofisi ilitutahadharisha pia kuhusu kukaa nje ya nchi: safari inayozidi miezi sita huzua maswali, na inayofika mwaka mmoja bila kibali cha kurejea huhatarisha ukaazi wote. Aidha, wakili mwenyewe ndiye aliyetukumbusha kwamba anayeishi katika ndoa na raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi, hata kama I-751 bado haijajibiwa, na kwamba maombi yote mawili yanaweza kusikilizwa katika mahojiano ya siku moja.

Kasoro ya kwanza ni malipo. Tulikubaliana bei moja, iliyozidi mara mbili ya ada ya serikali, nami nikaelewa kwamba inatosha hadi mwisho wa kesi. Tulipoitwa kwenye mahojiano, ndipo tulipoarifiwa kwamba wakili kufuatana nasi kunalipiwa peke yake, na vivyo hivyo kungekuwa kujibu barua ya kudaiwa ushahidi zaidi kama ingekuja. Mkataba ulisema hivyo kwa maneno yasiyo wazi katika ukurasa wa mwisho. Ofisi inayomweleza mteja kwa Kiswahili haki zake zote ilipaswa kumweleza kwa Kiswahili pia gharama zake zote.

Tafsiri nayo ilitozwa kwa kila ukurasa, tena kwa bei ya juu. Serikali inataka hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili na tamko lililosainiwa na mtafsiri kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Si lazima mtafsiri huyo awe wakili wala mtu wa ofisi ya wakili, na mteja alistahili kulijua hilo kabla ya kulipa. Tena, tulipohama nyumba katikati ya mwaka wa pili, hakuna aliyetukumbusha kwamba mabadiliko ya anwani yanapaswa kuarifiwa USCIS, yaani Idara ya Huduma za Uraia na Uhamiaji, ndani ya siku 10. Tulikumbushwa na jirani. Kwa ofisi yenye bidii ya kuandika tarehe kwa kalamu nyekundu, naliona hilo kuwa pungufu kubwa, kwa maana wito wa alama za vidole au wa mahojiano ukienda kwenye nyumba ya zamani, kesi nzuri inaweza kukataliwa kwa kutohudhuria.

Pamoja na hayo, siwezi kuilinganisha na vibanda vinavyouza tiketi, kutuma fedha na kujaza fomu za uhamiaji kwa bei ya kutupa. Notari wa Marekani hushuhudia saini tu, na mjaza fomu haruhusiwi kukushauri uombe kwa njia ipi au useme nini kuhusu talaka. Anayekuwakilisha kihalali huweka jina na saini yake katika fomu ya G-28, na anayekwepa kufanya hivyo asipewe hata nakala ya pasipoti. Kwa asiyemudu wakili, yapo mashirika yasiyo ya kibiashara yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao si mawakili lakini sheria inawaruhusu kushauri na kuwakilisha, mara nyingi kwa malipo madogo au bila malipo, na orodha yao hutolewa na wizara hiyohiyo.

Wanandoa wenye jalada lisilo na tatizo, wanaotunza karatasi zao na kukielewa Kiingereza vizuri, wanaweza kuituma I-751 wenyewe, na sioni sababu ya wao kulipa bei ya ofisi hii. Waliokaa mbali kwa muda, wanaopitia talaka, wenye watoto waliokuja kwa nyakati tofauti au waliowahi kukamatwa na polisi ningewapeleka kwa wakili huyu kesho. Ila waende na swali moja mkononi: je, bei hii inagharimia kujibu barua ya kudaiwa ushahidi na siku ya mahojiano? Jibu liandikwe katika mkataba kabla saini haijawekwa.